Chainizi za Eva Zilizoshuka kwa Rosa

Jumanne ya wiki ya pili ya Septemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Eva alitoka nyumbani kwake Bigwa ya juu na keni ya kumwagilia mkononi, akakuta tuta la chainizi ni tupu. Jioni ya jana yake alikuwa ameacha miche arobaini. Aliipanda kwa mikono yake, akaihesabu mara mbili, kwa sababu ndivyo alivyozoea kazini. Sasa palikuwa na vishimo arobaini, safi, kila kimoja na kingo zake, kama vishimo vya bao. Hapakuwa na nyayo za kuku wala za mbuzi. Palikuwa na alama ndogo ndogo za mizizi, kama mtu ameburuta nyuzi mbichi, zimetoka tutani, zimepita chini ya ua wa matete, zimeshika njia ya kuteremkia kijitoni.

Akazifuata. Alikuwa amevaa kandambili na njia ile ina utelezi wa umande, kwa hiyo alikwenda polepole, huku ameshika matete. Alama zilipita mbele ya kibanda cha Riziki muuza maandazi, zikakata kona penye migomba mitatu, zikakomea uani kwa mdogo wake, Rosa.

Miche ilikuwa imesimama mbele ya mlango wa Rosa, mistari minne, kumi kumi, kama watoto wa darasa la kwanza wanaosubiri kukaguliwa kucha. Rosa alikuwa akifagia. Alifagia mpaka akaifikia, akaizunguka, akaendelea upande wa pili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Miche yako imefika mapema. Hata moto sijawasha."

"Imekuja yenyewe?"

"Yenyewe. Nimeisikia ikishuka, nikadhani ni mvua ya rasharasha."

Rosa aliegemeza ufagio ukutani, akainama, akainua mche mmoja na kuugeuza mizizi juu, kama mtu anayeangalia jino la mtoto. Ncha za mizizi zilikuwa nyeusi.

"Uliweka mbolea gani?"

"Ya kuku. Nilichukua bandani kwa jirani."

"Lini?"

"Jumamosi. Jumapili baada ya misa nikapanda."

"Imeungua, dada. Mbolea mbichi ya kuku ni makaa ya moto. Ilaze kivulini, imwagie maji, ifunike kwa majani ya mgomba. Kila siku ya nne igeuze. Siku utakayoingiza mkono usisikie joto, ikanukia udongo badala ya kuku, ujue imeiva." Akaingia ndani akatoka na beseni la bluu lenye kiraka cha plastiki iliyoyeyushwa, akaanza kuipanga miche humo, mmoja mmoja. "Huko ofisini kwenu karatasi zilikuwa hazikimbii, eti?"

"Hazikukimbia hata moja," alisema Eva, na ilikuwa kweli.

Alipanda mlima na beseni kichwani. Hakuwa amebeba kitu kichwani tangu alipokuwa msichana, na mara mbili ilibidi asimame alirekebishe. Waliokutana naye walimwamkia, wakaliangalia lile beseni, wakalitambua kuwa ni la Rosa.

Eva alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini kwa miaka thelathini na minne. Mafaili yote yalipita mikononi mwake, na hakupotea hata jalada moja, hata mwaka ule paa lilipovuja. Alipostaafu alichoka na nyumba za kupanga. Alitaka mahali ambapo akiamka anaona kijani, na kijani chenyewe kiwe chake.

Shamba lile la Bigwa ya juu lilikuwa la ukoo, upande wa mama, kama ilivyo kwa Waluguru. Ni dogo, mtu akisimama pembe moja na kuita, wa pembe ya pili anamsikia bila kupaza sauti. Rosa alililima tangu alipomaliza darasa la saba. Mboga za shamba lile alizibeba kwenye tenga hadi sokoni mjini, na mboga hizo ndizo zilizomsomesha Eva mpaka akapata cheti cha ukarani. Baadaye mama yao alipopooza mguu, Rosa alimhudumia miaka tisa katika nyumba ya shambani, ileile aliyokuja kukaa Eva.

Siku ya mwisho ya mama, hospitalini, Rosa alikuwa amekwenda kuchemsha uji. Ilikuwa saa tisa alasiri, muuguzi alikuwa akitandika kitanda cha jirani. Mama alimshika Eva kifundo cha mkono akasema, polepole lakini vizuri, "Eva, kalamu tulikupa wewe. Shamba ni la Rosa. Mwambie kaka yangu." Eva akajibu, "Nimesikia, mama." Kisha Rosa akaja na uji, na mama akanywa vijiko vitatu.

Baada ya arobaini, mjomba wao, mzee Lukasi, alishuka kutoka Matombo kuja kugawa. Ndiye mkubwa wa ukoo na neno lake ndilo la mwisho. Aliuliza kama marehemu aliacha wosia wa mdomo. Rosa alisema yeye hakuwepo, alikuwa jikoni, aulizwe dada. Eva akasema, "Sikusikia neno." Mjomba akafikiri, akasema kwamba shamba ni dogo, likikatwa halimfai yeyote, na pasipo na neno la marehemu, mtoto wa kwanza ndiye mwenye kuchagua. Eva akachagua. Rosa akahamisha vyombo vyake kwa safari nne, akaenda kukaa katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na marehemu mumewe, karibu na kijito. Huko hakuwa na shamba. Jirani mmoja, Stephano, alimwazima kipande cha bustani ukingoni, mahali panapojaa maji kila masika.

Rosa hakuuliza tena. Aliendelea kumwamkia dada yake shikamoo, na Eva aliendelea kuitikia.

Basi Eva akanunua daftari la mistari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake wa masjala: *Makosa*. Chini yake: *1. Mbolea mbichi ya kuku.* Aliweka tarehe pembeni.

Kosa la pili lilikuwa kupandikiza saa sita mchana. Miche ilikaa hadi alfajiri ya siku iliyofuata, imelegea kama vitambaa vya jikoni, kisha ikashuka. Rosa alisema miche hupandikizwa jioni, jua likishaingia nyuma ya mlima, na siku tatu za mwanzo hutiliwa kivuli cha majani ya mgomba. Kosa la tatu lilikuwa kufukia mbegu za mchicha kina cha kidole kizima. Hizo hazikuota kwa Eva. Zilikwenda chini kwa chini kama fuko, zikaja kuota uani kwa Rosa siku ya tano, zikiwa nyembamba na zimechoka. "Mbegu ya mchicha ni vumbi, dada. Unainyunyiza, unaifuta mgongo kwa kiganja, basi." Kosa la nne, alibananisha nyanya chungu kwa sababu alionea huruma ile michache aliyotakiwa kuing'oa. Kosa la tano, alimwagilia kila alipoona udongo umekauka juu, bila kuingiza kidole kuona chini.

Kila mara zilishuka, na kila mara Eva alizifuata. Rosa aliziangalia, akataja kosa, akazirudisha kwa beseni lilelile la bluu. Hakuna aliyeona ajabu. Bombani, Riziki alimwambia mbele ya wanawake wengine, "Mama Masjala, mboga zako zimenipita leo nikiwa nakanda unga. Nimezisalimia, hazikuitika. Umezilea vipi?"

"Zilikuwa na haraka," alisema Eva.

"Aaa. Mwenye haraka hivyo kwa kawaida anarudi kwao."

Wanawake wakacheka. Eva akaangalia ndoo yake ikijaa, ikajaa, ikamwagika.

Mzee Hashimu, mwenyekiti wa mtaa, alikuja mwenyewe na kikaratasi chenye muhuri. Alieleza kwa adabu kwamba hana ugomvi na mboga kutembea, ila asubuhi njia ile ina pikipiki nyingi za wanafunzi, na juzi bodaboda mmoja alikwepa figiri akaingia mferejini. Aliomba zipite pembeni, upande wa kushoto. Eva alikisoma kikaratasi kile kwa sauti pale tutani, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuzifikishia. Kuanzia siku hiyo zilipita kushoto.

Jumamosi moja Eva alikwenda kuungama. Alimwambia padri kwamba amezikasirikia mboga na amemwaga maji ovyo wakati wa kiangazi. Padri alimpa Salamu Maria tatu. Akazisali zote, akaongeza mbili ambazo hakuambiwa.

Kosa la sita ndilo lililomvunja.

Shamba lile lilikuwa na *ngolowole*, zile ngazi za udongo ambazo watu wa mlimani hukata kukingama na mteremko, majani yakafukiwa ndani, maji ya mvua yakashuka ngazi kwa ngazi kama mzee mwenye fimbo. Mama yao alizikata, na Rosa alizitengeneza kila mwaka kabla ya mvua. Kwa Eva zilionekana kama kitu kisichomalizika, zimepinda pinda. Aliwahi kuona bustani ya chuo kule Mazimbu, matuta yamenyooka kama rula, yakampendeza. Hakukumbuka kwamba Mazimbu ni tambarare. Mwezi wa kumi alichukua vibarua watatu, wakasawazisha ngazi zote, wakapiga matuta marefu yaliyonyooka kutoka juu hadi chini. Yalipokwisha alisimama akayatazama. Yalikuwa kama rafu za masjala.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Alhamisi mchana, saa moja na nusu tu. Udongo wote mweusi wa shamba la Eva ulishuka. Haukumwagika ovyo wala haukuingia kijitoni. Uliteremka na njia, upande wa kushoto, ukaingia uani kwa Rosa, ukajitandaza, wa juu ukabaki juu na wa chini chini, unene wa shubiri moja kila mahali. Katikati yake lilikuja jiwe la mama yao, lile pana alilokuwa akikalia akichambua mboga. Jiwe lile wanaume wanne wasingelinyanyua. Lilisimama kando ya mlango wa Rosa, limekaa sawasawa, na upande uliolainishwa na makalio ya mama ukiwa juu.

Rosa alikuwa amesimama kizingitini, gauni limemlowa.

"Jiwe la mama nalo limekuja," alisema.

"Nimeliona."

"Hili halitaingia kwenye beseni."

Udongo ulirudishwa Jumamosi na wanawake wa jumuiya, kwa ndoo na viroba, wakipanda na kushuka huku wakiimba. Jiwe liliachwa pale pale. Jumatatu asubuhi Rosa alipanda na jembe lake begani. Hakuitwa. Aliamkia, akavua kandambili, akaanza kukata ngazi ya kwanza.

Alikata kwa siku tatu. Alimwonyesha Eva namna ya kusimama, mguu wa juu umekunjwa, wa chini umenyooka. Alimwonyesha namna ya kulaza majani makavu kwenye mfuo na kuyafunika kwa udongo wa ngazi inayofuata, ili shamba lijilishe lenyewe. Alijua kila mahali. Alijua penye mwamba kabla jembe halijagonga, alijua panapotuama maji, na penye mzizi wa mti aliokata baba. Eva alishika kamba na kusogea alipoambiwa asogee. Siku ya tatu, mkono wa Rosa ulitoa lengelenge, likapasuka, naye akalifunga kwa kipande cha kitambaa cha kichwani, akaendelea.

"Rosa," alisema Eva.

"Naam, dada." Jembe lilisimama hewani.

Kunguru waliokuwa wakifuata minyoo walitulia.

"Maji ya kunywa yapo mtungini, ndani."

"Haya, dada. Nikimaliza hapa."

Jembe likashuka. Jioni hiyo Eva aliandika: *6. Matuta ya kuteremka.*

Mwezi wa kumi na mbili mzee Lukasi alikuja kuwaona, amebeba mkungu wa ndizi na mdalasini uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Alifikia kwa Rosa kwa kuwa ni karibu na barabara, akaketi juu ya jiwe la mama yao bila kuuliza limefikaje. Eva alikuwa tayari pale. Asubuhi hiyo alikuwa amefuata mafungu mawili ya mchicha, ambao ulikuwa bado umesimama ukutani.

"Huu mchicha wa nani?" aliuliza mjomba.

"Wa dada," alisema Rosa, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Na mchicha wa dada unafanya nini hapa?"

"Umekuja wenyewe, mjomba."

Mzee Lukasi aliutazama. "Kwetu Matombo iliwahi kutokea kwa mihogo. Ilihama kwa mke mkubwa usiku mmoja, ikaenda kwa mdogo. Ila ile ilikuwa na sababu, maana mbegu alileta yule mdogo." Akanywa chai kidogo. "Eva, mwanangu. Nazeeka, na jambo likinirudia kichwani nalisema. Wewe ndiye uliyekuwa na mama yenu siku ile. Hakuacha neno lolote? Hata nusu?"

Mkono wa Rosa ulisimama juu ya ungo. Mchicha uliokuwa ukutani uliinamisha majani yote upande wa Eva, kama yanavyofuata jua.

Eva alikuwa na miaka sitini na tatu. Aliwaza namna atakavyosema, na baada ya kusema namna atakavyopita bombani, kwenye jumuiya, mbele ya padri ambaye yeye alimuungamia habari za mboga na maji tu. Aliwaza kwamba ni jambo la maneno matano tu, *shamba ni la Rosa*, na la tano ni *mjomba*.

"Alikuwa hoi, mjomba," alisema. "Hakuweza hata kufumbua mdomo."

Mchicha ulirudisha majani yake mahali pake. Rosa aliokota kokoto moja kwenye mchele, akaitupa. Mjomba aliitikia kwa kichwa.

"Basi mboga nazo zina tabia zao," alisema, akaomba sukari.

Mwaka ulipogeuka, Eva aliamua kuotesha chainizi upya, bila kosa hata moja. Alilaza mbolea wiki nne, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ikawa baridi na inanukia mvua. Kitalu alikinyunyizia mbegu kama vumbi. Alipandikiza jioni, kwa nafasi ya shubiri moja na nusu, akiwa na kijiti alichokipima. Akatia kivuli siku tatu, akakitoa. Alimwagilia alfajiri, kwenye shina, baada ya kuingiza kidole. Vidukari alivitoa kimoja kimoja kwa kidole chenye majivu. Miche ikakaa. Ikakaa wiki ya kwanza, ikakaa ya pili. Siku ya ishirini na tano majani yalikuwa mapana kama masikio ya tembo mdogo, yana kijani kile alichokitamani dirishani kwa miaka yote thelathini na minne. Eva alianza kulala vizuri. Aliwaza kwamba kumbe yote yale yalikuwa ni mambo ya kilimo.

Wiki hiyohiyo Stephano alimwambia Rosa kwamba kijana wake anataka kujenga, kwa hiyo kile kipande cha ukingoni anakichukua. Alisema kwa upole, na Rosa alimshukuru kwa muda aliomwazima. Akajaza udongo kwenye viroba sita, akavipanga ukutani, akapanda humo figiri.

Asubuhi ya ishirini na sita tuta lilikuwa tupu.

Eva hakuhitaji kuangalia alama. Alizikuta njiani, hazijafika, kwa sababu safari hii zilikuwa nzito na zilikwenda mwendo wa wajawazito, zimeinua majani ya chini kama mwanamke anayeinua khanga kuvuka maji. Alitembea nyuma yao. Riziki alisimama kando na sahani yake ya maandazi, akaziacha zipite, wala hakusema kitu, na hilo lilimuuma Eva kuliko maneno yote ya bombani.

Ziliingia uani, zikapanga mistari minne mbele ya viroba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Rosa alifuta mikono, akachuchumaa. Aliinua ya kwanza, akaangalia mizizi. Ilikuwa myeupe. Akageuza jani akaangalia chini yake. Akabonyeza shina kwa ukucha, likatoa maji. Akaiweka, akachukua ya pili. Aliziangalia zote arobaini, na jua likawa limeshafika kwenye jiwe la mama.

"Mbolea?"

"Imeiva."

"Nafasi?"

"Shubiri na nusu."

"Ulipandikiza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Ngolowole hazijabomoka?"

"Ziko kama ulivyoziacha."

Rosa alibaki amechuchumaa, mikono juu ya magoti. Sufuria ya chai ilianza kuchemka nyuma yake, naye hakugeuka.

"Hizi hazina kosa, dada," alisema. "Mimi hizi sijui zimefuata nini."

Akamtazama dada yake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mgawo. Hakumtazama kwa hasira. Alikuwa akingoja tu, kama alivyongoja darasani zamani, kalamu zilipokuwa zikigawiwa kuanzia mbele. Eva alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, limekaa pale pale lilipokaa tangu saa tisa ya alasiri ile, halijachakaa. Masjalani hakukupotea kitu.

"Labda ni maji," alisema.

Mfereji wa maji kutoka mlimani ulikuwa ni mmoja. Maji aliyomwagilia Eva juu ndiyo aliyochota Rosa chini, na wote wawili waliyanywa tangu utoto. Chai ilifurika, ikazima kuni upande mmoja.

"Labda ni maji," alisema Rosa, akainuka kwenda kuleta beseni.

Siku hiyo Eva aliandika, kwa mwandiko uleule ulionyooka: *7. Maji.* Akaweka tarehe, akafunga daftari.

Chainizi zake sasa ndizo nzuri kuliko zote Bigwa, na walimu wa mjini huzifuata kwa magari. Kila alfajiri zinashuka, kila asubuhi yeye huzifuata, upande wa kushoto. Amenunua beseni lake mwenyewe, kubwa, ili asiendelee kuazima la Rosa. Anapofika, mdogo wake huacha kufagia, hukunja goti kidogo, na humwamkia. Eva humwitikia akiwa tayari ameinama, anakusanya.